Koti la Suti Lilikatwa kwa Ajili ya Farasi. Mbona Kiti cha Magurudumu Kinakuwa Shida?

Majuzi nilimsindikiza binamu yangu kwa fundi. Binamu anatumia kiti cha magurudumu tangu ajali ya barabarani miaka sita iliyopita. Dada yake anayefanya kazi ng'ambo amemlipia safari ya meli ya kitalii, siku kumi baharini, na kwa zile karatasi za safari wameandika kuna jioni mbili rasmi. Wanaume suti nyeusi ama taksido, wanawake gauni refu. Binamu akasema hii sikosi, wacha nishonewe suti ya maana.

Fundi akapima mabega, akapima mikono, akafika kiunoni akasimama. Akaniangalia mimi (si mwenye suti, mimi!) akasema: "Suti ina sheria zake, ndugu yangu. Ukianza kuikatakata si suti tena. Huyu mtafutie shati zuri tu. Miguu itakuwa chini ya meza, nani ataona?"

Binamu hakujibu. Tulipofika kwa gari ndiyo akaniuliza, "Kwa hivyo nikae kwa meza usiku wote?"

Swali hilo lilinikaa. Sikumlaumu sana fundi, kwa sababu amesema kitu ambacho wengi wetu tunaamini: kwamba mavazi rasmi yalishuka kutoka mbinguni yakiwa na mkato mmoja, na kazi ya mwili wako ni kuutoshea. Nikaenda kusoma historia ya hizo nguo. Na watu wangu, historia haiko upande wa fundi hata kidogo.

Tuanze na koti lenyewe. Lile koti la mikia unaloliona kwenye harusi za kifalme, fupi mbele na refu nyuma, ndilo babu wa nguo zote za jioni za wanaume. Unajua kwa nini mbele limekatwa? Farasi. Uingereza ya karne ya 18, matajiri wengi waliishi kwenye mashamba yao na kutwa nzima walikuwa juu ya tandiko. Koti refu la mbele linakukunjamania mapajani ukikaa. Kwa hivyo mafundi wakakata mbele yote, wakaacha mikia miwili nyuma ining'inie kila upande wa farasi. Hata ule mpasuo mmoja wa katikati nyuma ya koti lako la kazini, ule unaoutumia kuingiza mkono mfukoni, asili yake ni huko huko: koti ligawanyike vizuri mtu akiketi juu ya farasi.

Yaani vazi rasmi kuliko yote lilianza kama vazi la mtu aliyekaa. Kufikia mwanzo wa karne ya 19, waungwana wa London kama Beau Brummell walishalitoa koti hilo mashambani wakaliingiza ukumbini, rangi nyeusi ama bluu iliyokolea, na likawa sheria ya jioni. Farasi akabaki nje. Mkato wake ukabaki ndani.

Halafu ikaja taksido. Washonaji Henry Poole wa Savile Row, London, wanasema kumbukumbu zao zinaonyesha kwamba mwaka wa 1865 Mwanamfalme wa Wales, aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII, aliagiza koti fupi la hariri ya bluu la kuvaa kwenye chakula cha jioni nyumbani kwake Sandringham. Sababu? Starehe. Mikia ya koti ni usumbufu ukiwa kitini saa tatu unakula na kuvuta sigara. Miaka kama ishirini baadaye, mwaka wa 1886, koti la aina hiyo likaingia kwenye kilabu ya matajiri pale Tuxedo Park, jimbo la New York, na jina likatoka hapo.

Hebu liangalie hilo jambo polepole. Mtu mwenye cheo anaketi, nguo inamsumbua, fundi anakata mikia. Hakuna aliyemwambia mwanamfalme kwamba suti ina sheria zake. Walikata, halafu mkato wake ukawa sheria kwa sisi wengine.

Sasa twende baharini, maana huko ndiko binamu anaelekea.

Safari ya meli ya kujiburudisha tu, bila ya kuhama wala biashara, kwa kawaida inahesabiwa kuanzia tarehe 22 Januari 1891. Albert Ballin wa kampuni ya meli ya Hamburg alikuwa na shida: wakati wa baridi abiria wa kuvuka Atlantiki wanapungua, na meli kubwa ikikaa bandarini inakula pesa. Akaichukua meli Augusta Victoria, akapakia abiria 241 pale Cuxhaven, akawapeleka kuzunguka bahari ya Mediterania. Watu walimwona kama amerukwa na akili. Leo biashara hiyo inabeba mamilioni ya watu kila mwaka, na meli zake zinafika hadi Kilindini.

Hizo meli za zamani zilibeba desturi za nchi kavu hadi ndani. Daraja la kwanza, jioni ilikuwa lazima ubadilishe nguo. Kulikuwa na msamaha mmoja tu: usiku wa kwanza na usiku wa mwisho watu hawakuvaa rasmi, kwa sababu masanduku yalikuwa hayajafunguliwa ama yameshafungwa. Hiyo inanifurahisha. Kumbe sheria ya mavazi iliweza kusubiri sanduku lifunguliwe! Ilikuwa na huruma kwa mizigo.

Kwa miili haikuwa na huruma kama hiyo. Kwenye meli za Kifaransa kama Île de France ya 1927 na Normandie ya 1935, kuingia kula chakula cha jioni kulikuwa maonyesho. Unatokea juu ya ngazi pana, unasimama kidogo, kisha unashuka polepole huku ukumbi mzima unakutazama. Ukumbi wa Normandie wa daraja la kwanza ulikuwa na urefu wa karibu mita 93. Mabibi walikuwa na magauni yenye mkia wa kufuata nyuma ngazi baada ya ngazi. Nguo na ngazi vilitengenezewana. Kama hushuki ngazi, hukuwa na mlango wa kuingilia kwa heshima.

Nadhani ndipo ile picha ya fundi ilitoka. Kwa kichwa cha wengi wetu mtu aliyevaa rasmi ni mtu aliyesimama: kwenye ngazi, kwenye zulia jekundu, kwenye kioo kirefu cha fundi. Tumesahau kwamba sehemu kubwa ya hizo jioni watu wamekaa. Wanakula wamekaa, wanasikiliza muziki wamekaa, wanacheza karata wamekaa. Suti inapimwa dakika kumi ukiwa wima, halafu inavaliwa saa nne ukiwa kitini. Hata wewe unayetembea, si ukikaa kwa arusi unafungua kifungo cha koti? Unafungua kwa sababu koti halikukatiwa kukaa.

Kuna mtu mmoja katika historia aliyelijua hili kwa mwili wake wote, naye alikuwa rais wa Marekani. Franklin Roosevelt alipata polio Agosti 1921 akiwa na miaka 39, akapoteza nguvu za miguu. Akachaguliwa kuwa rais mara nne. Kiti alichotumia nyumbani kilikuwa kiti cha kawaida kama cha jikoni kilichowekwa magurudumu. Hadharani alivaa vyuma miguuni, na vyuma hivyo vilipakwa rangi nyeusi vifanane na soksi na viatu, suruali ikashonwa ndefu kuvifunika. Na badala ya koti zito la baridi, mara nyingi alivaa joho la wanamaji, lile la kutupia mabegani na kufunga shingoni. Ukiwa umekaa, kuingiza mikono kwenye mikono ya koti zito ni mieleka. Joho linakuja lenyewe.

Tarehe 14 Februari 1945, akitoka mkutano wa Yalta, Roosevelt alikutana na Mfalme Abdulaziz wa Saudia juu ya meli ya kivita USS Quincy, kwenye Ziwa Chungu Kuu katika Mfereji wa Suez. Kuna picha maarufu ya siku hiyo. Rais ameketi na joho lake jeusi, mfalme ameketi na bishti yake juu ya kanzu. Wawili hao, mmoja hatembei, mwingine miguu inamsumbua na majeraha ya zamani ya vita, wako juu ya meli, wamevaa rasmi kabisa, na nguo zote mbili ni za kutupia mabegani. Mfalme alikipenda kiti cha rais. Roosevelt akampa kimoja cha viti vyake, zawadi.

Sisi wa Pwani hiyo picha haitushangazi. Joho tunalijua. Bwana harusi wa Mombasa ama Lamu akivaa joho juu ya kanzu, akaketi, hakuna anayesema vazi limeharibika. Limeketi naye.

Lakini nisiwadanganye, hadithi ya joho la Roosevelt ina upande mwingine. Kumbukumbu yake ilipofunguliwa Washington mwaka wa 1997, sanamu kubwa ilimwonyesha ameketi, joho limefunika karibu kiti chote. Watu wenye ulemavu wa Marekani walikasirika. Walisema mnamheshimu kiongozi kwa kuficha kitu alichokitumia kila siku, na ujumbe kwetu ni kwamba na sisi tujifiche. Walipigania, wakachangisha pesa, na Januari 2001 sanamu nyingine ikawekwa pale mlangoni, Roosevelt kwenye kiti chake cha magurudumu, wazi kabisa.

Kwa hivyo nguo ile ile inaweza kumfanya mtu akae vizuri, na inaweza pia kumfunika asionekane. Fundi wetu aliposema "miguu itakuwa chini ya meza, nani ataona", alikuwa anauza ile ya pili. Binamu alikuwa ameenda kununua ya kwanza.

Na hiyo ya kwanza ina historia yake, ingawa haijulikani sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 huko Los Angeles, mhandisi Herbert Everest, aliyevunjika mgongo mgodini, na mwenzake Harry Jennings walitengeneza kiti cha mabomba ya chuma kinachojikunja na kuingia kwa gari. Kiti kikatoka nje ya nyumba na hospitali, mwenye kiti naye akaanza kwenda kazini na kwenye sherehe, na mara moja swali la nguo likaja. Miaka ya 1950, mbunifu wa mavazi wa New York, Helen Cookman, ambaye mwenyewe alikuwa na shida ya kusikia, alifanya kazi na kituo cha tiba cha Daktari Howard Rusk kubuni nguo za watu wenye ulemavu: zipu ndefu za pembeni, vifungo vinavyofikika, makoti yasiyovutana mtu akisogeza mikono. Alitaka ziwe nguo nzuri za dukani, zisifanane na nguo za wodini. Mwaka wa 1955 Mswisi George de Mestral akapata hataza ya Velcro, na kufunga nguo kwa mkono mmoja kukawa rahisi.

Huko Toronto, mbunifu Izzy Camilleri alianzisha kampuni yake ya nguo hizi mwaka wa 2009, baada ya kumshonea mwandishi wa habari Barbara Turnbull aliyekuwa akitumia kiti. Yeye alianza upya kabisa. Badala ya kupunguza koti la mtu aliyesimama, alichora mkato wa mtu aliyeketi, wenye kona pale kiunoni kama herufi L. Mwaka wa 2014 jumba la makumbusho la Royal Ontario likaweka maonyesho ya nguo zake za kukaa. Kutoka tandiko la farasi hadi makumbusho ya Toronto, hoja ni ile ile: tazama mtu amekaaje, ndipo ukate.

Na meli je? Mwaka wa 2005, Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Spector dhidi ya Norwegian Cruise Line ilisema kwamba sheria ya nchi hiyo ya haki za watu wenye ulemavu inazihusu pia meli za kitalii zenye bendera ya kigeni zikiwa kwenye maji ya Marekani. Leo meli nyingi kubwa zina lifti, vyumba vyenye milango mipana na bafu za kuingia na kiti. Zile ngazi za Normandie si mlango pekee tena. Lakini hakuna mahakama inayoingia kwa kabati la nguo. Meli imefungua mlango, na mtu anaweza kuukosa kwa sababu fundi wa mtaani amekataa kukata kitambaa.

Najua kuna mwenye kusema, "Si siku hizi meli nyingi zimelegeza, avae tu kitu simpo aende mkahawa mwingine?" Ni kweli meli nyingi zimelegeza. Ila kuna tofauti kati ya mtu aliyeamua kuvaa simpo na mtu aliyeambiwa hana lingine. Binamu anataka picha ya taksido. Anataka kuteremka na lifti, mlango ufunguke, na aingie pale sakafu ya muziki akiwa safi kuliko wote. Ana haki ya kujishaua kama nyinyi wote mnavyojishaua na picha zenu za arusi.

Basi nimeandika orodha ya kumrudia fundi, na nimeichambua na binamu mwenyewe, maana mwili ni wake.

Koti: liwe fupi, likomee usawa wa mapaja akiwa amekaa, na nyuma liwe fupi zaidi ili asilikalie. Ukilikalia koti linavutwa chini na kola inaachana na shingo. Mgongoni na kwapani kuwe na nafasi zaidi, maana huyu anasukuma magurudumu kwa mikono. Mikono ya koti isiwe mirefu ya kugusa tairi.

Suruali: nyuma ipande juu zaidi, mbele ishuke, la sivyo mgongo unabaki wazi na tumbo linabanwa. Miguu ya suruali iongezwe urefu, kwa sababu ukikaa inapanda na soksi inabaki nje. Mifuko ya nyuma hapana. Vifungo vya nyuma na mishono minene hapana. Hili si la urembo, fundi anisikie: mtu asiyehisi vizuri sehemu za chini anaweza kukalia mshono saa nne na kuamka na kidonda kinachochukua miezi kupona. Zipu ya mbele iwe ndefu.

Kizibao cha ndani ni rafiki, kinashika shati lisichomoke. Tai ya kipepeo ya kubana tayari inatosha. Viatu viwe na nafasi, maana miguu inayoning'inia siku nzima huvimba.

Na dada zetu wanaotumia viti: gauni refu linawezekana, ila pindo likomee kwenye kifundo cha mguu na sketi isiwe pana sana pembeni, tairi haina adabu kwa shifoni. Satini inang'aa lakini inateleza, na meli ikiyumba unaweza kujikuta unateremka kitini, kwa hivyo kitambaa kizito chenye kuvutika kidogo kinakaa vizuri zaidi. Uzuri wote uwekwe juu, kifuani, shingoni, mikononi, pale macho yanapokutana na mtu aliyeketi. Shali ama kikoti kifupi kitasaidia pia, kwa sababu ndani ya meli hewa ya baridi haina huruma.

Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji mashine ya Ulaya. Kuna futi, chaki, mkasi, cherehani na fundi anayekubali kupima mtu akiwa ameketi. Hapa hapa Mombasa, karakana za Bombolulu zimekuwa na mafundi wenye ulemavu tangu 1969. Wapo watu wa kuuliza.

Jumamosi tulirudi kwa fundi. Nilimweleza habari ya farasi, akacheka sana, akasema sasa binamu yako nimpige na hatamu? Binamu akamjibu mwenyewe: "Fundi, nipime nikiwa nimekaa. Hivi ndivyo nitakavyolivaa." Fundi akanyamaza kidogo, akavuta kigoda, akaketi mbele yake macho kwa macho, akaanza kupima upya kuanzia shingoni.

Jaribio la kwanza la koti ni wiki ijayo. Mkiwa na mtu wenu aliyefukuzwa na maneno ya "suti ina sheria zake", mwambieni sheria hiyo imeshavunjwa zaidi ya miaka mia mbili, na waliovunja ndio waliotuachia suti. Picha za binamu nitawawekea akirudi.